Msanii Husukumwa na Haja, Lakini Sanaa Hulelewa Mahali

Kila yanapofanyika mazungumzo juu ya maendeleo ya sanaa nchini Tanzania, husikika kauli mbili zinazopingana. Kauli ya kwanza husema kwamba sanaa haiwezi kusonga mbele mpaka wasanii wajengewe majumba, wapewe vifaa na watengewe fedha. Kauli ya pili hujibu kwamba msanii wa kweli hahitaji hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu kipaji ni kama maji ambayo hujitafutia njia hata yakizibwa. Kauli zote mbili zina watetezi wenye heshima zao, na zote husikika maofisini na katika vyumba vya walimu. Lakini kila moja imeshika nusu tu ya ukweli, na nusu hiyo ikifanywa kuwa ukweli mzima huleta madhara.

Ukweli wenyewe ni kwamba kinachomsukuma msanii kuanza kazi ni jambo moja, na kinachoiwezesha kazi yake kuendelea baada yake ni jambo jingine. Mtu huanza kuimba, kuchora, kuchonga au kuandika kwa sababu ana haja ndani yake isiyompa nafasi ya kukaa kimya. Haja hiyo hailetwi na jengo, wala haiondolewi na ukosefu wa jengo. Hata hivyo, ili haja ya mtu mmoja igeuke kuwa sanaa ya watu wengi, na ili kijana wa kesho ajifunze kwa mzee wa leo, hapana budi pawepo mahali. Kuyatenganisha mambo haya mawili si mchezo wa maneno. Huko ndiko kunakoamua watumishi wa serikali na walimu wafanye nini na waache nini.

HAJA HUTANGULIA

Historia ya fasihi ya Kiswahili inatoa ushahidi wa kutosha juu ya haja hiyo. Mwaka 1858, katika upwa wa Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake maarufu. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siyu, na wakati huo alikuwa mgonjwa. Hapakuwa na tajiri aliyemlipa wala baraza lililomwagiza. Aliyekusudiwa kwanza alikuwa binti yake, Mwana Hashima, ambaye mama alitaka kumwachia wasia kabla ya kuondoka duniani. Chumba cha mgonjwa ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye, lakini utendi ule ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa na kughaniwa na wanawake wengi ambao hawakumjua yeye wala binti yake.

Karibu karne moja baadaye haja ya namna hiyo hiyo ilimfikia Shaaban Robert. Mwandishi huyu, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, alifiwa na mkewe Amina na kuachwa na watoto. Katika majonzi hayo alimwimbia marehemu shairi, akawatungia watoto tendi mbili za mawaidha: Hati kwa ajili ya binti na Adili kwa ajili ya mwana. Baba aliogopa kwamba maisha yake huenda yasitoshe kuyasema yote aliyopaswa kuwaambia, na hofu hiyo ndiyo iliyomshika kalamu.

Watumishi wa serikali wanapaswa kulikumbuka jambo jingine juu ya Shaaban Robert. Huyu alikuwa mwenzao. Mwaka 1926 aliajiriwa karani wa forodha huko Pangani, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi chini ya serikali ya kikoloni, akitoka forodha kwenda idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya, kisha upimaji wa ardhi. Saa zake za mchana zilikuwa mali ya mwajiri. Kusadikika na Adili na Nduguze ni vitabu vya mtu ambaye aliandika baada ya kufunga majalada ya ofisi. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, alipita njia isiyo mbali na hiyo: alikuwa mwalimu, akawa karani, kisha akafanya kazi katika mahakama. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, maana yeye alikuwa Mgogo. Lakini alitaka kuthibitisha kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya mtu wa bara kama ulivyo mali ya mtu wa pwani, na akauthibitishia umma kwa diwani zake na kwa ngonjera zilizokuja kukaririwa mashuleni nchi nzima.

Katika Unguja, Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika jamaa ya wafinyanzi, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji. Nyumba yake huko Ng'ambo ikawa mahali pa kukutania wanamuziki na wasikilizaji, na humo taarabu ikaimbwa kwa Kiswahili, ikabeba habari za mahakama, dhuluma na masikitiko ya wanyonge. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Mwanamke maskini wa shamba hakuyafanya hayo kwa sababu ya kutengewa ukumbi. Aliyafanya kwa kuwa alikuwa na la kusema, na kwa kuwa walikuwapo watu waliotaka lisemwe.

KISINGIZIO CHA GEREZA

Mfano unaotajwa zaidi na wale wasemao kwamba msanii hahitaji kitu ni ule wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 kijana huyu aliandika waraka ulioihoji serikali ya Kenya wakati huo juu ya mwelekeo wa nchi, na kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 akawa kifungoni, tena kwa muda mrefu akiwa peke yake. Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi.

Kisa hicho ni cha ajabu na kinastahili heshima. Lakini ni kosa kukitumia kama hoja ya kuwanyima wasanii mahali pa kazi. Kwanza, gereza halikumfundisha Abdilatif kutunga. Alilelewa katika jamaa ya washairi, chini ya mkono wa babu yake mdogo, Ahmad Basheikh, aliyekuwa mtunzi, na kaka yake Ahmad Nassir Juma Bhalo naye ni miongoni mwa malenga mashuhuri wa Mombasa. Mizani na vina aliviingia navyo gerezani. Alivipata nyumbani na barazani, mahali ambapo mtoto alisikia beti kabla ya kujua kuziandika. Pili, mtu huhesabu wale waliotoka gerezani na diwani mkononi. Hakuna awezaye kuwahesabu wale walioingia na vipaji na kutoka wamenyamaza. Tatu, huyo huyo Abdilatif alipofunguliwa alihamia Dar es Salaam na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani alikwenda mahali ambapo lugha ilikuwa kazi ya kila siku, miongoni mwa watu wa kazi hiyo.

Kwa hiyo kisa cha gereza kinathibitisha kwamba haja ikiwa kubwa hushinda kuta. Hakithibitishi kwamba kuta ni nzuri.

MAHALI HULEA

Iwapo haja peke yake ingetosha, kila msanii angekufa na sanaa yake. Hili lisingeonekana wazi kama lisingekuwapo jina la Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alipita katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam kutafuta riziki. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama, ndege na maisha ya watu. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, na rangi ya mafuta ya aina ile inayopakwa baiskeli. Picha zake ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, katika eneo la Oyster Bay, ambako wageni wenye fedha walifika kununua mahitaji yao.

Tingatinga alichora kwa miaka minne hivi tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi katika tukio la kumdhania mtu mwingine. Kwa hesabu ya kawaida, kazi ya mtu aliyefanya usanii kwa miaka minne, bila shule, bila kitabu na bila mlezi mkubwa, ingesahauliwa. Haikusahauliwa kwa sababu mbili. Alikuwa amewachukua vijana wachache, wengi wao jamaa zake kutoka kusini, akawafundisha kwa kuwaonyesha. Na vijana hao walikuwa na mahali pa kukaa pamoja: chini ya mti, kando ya maduka yale yale. Hapo aliyejua kuchora chui alimwonyesha asiyejua, anayeanza alipewa kazi ya kupaka rangi ya chini, na mnunuzi aliwakuta wote pamoja. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima, unaotambulika duniani kote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mti ule ndio uliovikusanya vidole.

Mfano wa pili ni Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt na kupata jengo lake mwaka 1983. Miongoni mwa watu walioajiriwa huko mapema alikuwamo George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934. Alikuwa amechonga tangu ujana wake, lakini mlango wa nyumba ile aliuingia kama mlinzi. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa msanii humo. Lilanga aliona wenzake wakifanya batiki, wakichora kwa wino, wakichapa michoro, naye akajaribu. Mashetani ya vinyago vya Kimakonde yakahamia kwenye karatasi, kitambaa na ubao, yakapata rangi na vicheko. Kabla ya kufariki mwaka 2005, kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Inafaa kujiuliza ni milinzi mingapi nchini inalindwa usiku kucha na watu ambao hawajapata kukaa karibu na karatasi na rangi.

Nyumba ya Sanaa haipo tena pale ilipokuwa. Ardhi ya katikati ya jiji ina thamani kubwa, na kila penye thamani hiyo, mahali pa msanii huwa pa kwanza kuonekana kama nafasi tupu inayongoja kutumiwa vizuri zaidi. Lakini nafasi hiyo haikuwa tupu. Mauzo ya picha yanaweza kuingizwa katika daftari la hesabu, lakini daftari halina safu ya kuandikia mlinzi aliyegeuka mchoraji.

Mahali si lazima pawe jengo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa. Mtunzi wa Tanga aliuliza, wa Dodoma akajibu, wa Tabora akasahihisha mizani. Magazeti yaliyofuata yaliendeleza desturi hiyo kwa miaka mingi, na washairi wengi wa Tanzania walijifunza sanaa yao kwa kulumbana na watu ambao hawakupata kuwaona kwa macho. Ukurasa ule haukuwa na paa wala kiti, lakini ulikuwa na mlango uliofunguliwa kila toleo.

MAHALI PEMA PA SANAA

Ukitazama mifano hii, utaona kwamba mahali palipolea sanaa pamekuwa na sifa tatu. Pamekuwa wazi kwa asiyetarajiwa, kama mlinzi, muuza vyungu au karani. Pamekuwa na mtu anayefanya kazi yenyewe mbele ya macho ya anayejifunza, si mtu anayehutubia juu ya kazi hiyo. Tena pamekuwa karibu na watu wanaoihitaji kazi, wawe wanunuzi, wasikilizaji au wasomaji. Ukumbi mkubwa wenye kufuli, unaofunguliwa kwa sherehe na kufungwa wageni wa heshima wanapoondoka, hauna hata sifa moja kati ya hizo, ingawa gharama yake ingetosha kuezeka mabanda mengi.

Haifai kuficha kwamba mahali nako kuna hatari zake. Soko lililomlea mchoraji linaweza kumfanya arudie twiga yule yule kwa miaka thelathini, kwa sababu twiga ananunuliwa. Mchongaji anaweza kuacha mzimu wake na kuchonga simba wa kutoshea katika mkoba wa mtalii. Haja isiyo na mahali hufa na mwenyewe, na mahali pasipo haja hutoa nakala. Dawa yake si kuliondoa soko, kwa maana msanii naye hula. Dawa ni kuwapo kwa mnunuzi wa nyumbani, anayeijua maana ya kazi na anayeweza kumwambia msanii kwamba safari hii amelala usingizi.

WAJIBU WA OFISI NA WA DARASA

Desemba 1962, Jamhuri ilipozaliwa, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza Bungeni kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hatua hizo zilikuwa kubwa na zimezaa matunda. Lakini wizara moja na taasisi moja haziwezi kuwa mahali pa kila mtoto mwenye haja. Mahali hapo pako mikononi mwa watu wengi zaidi kuliko wanavyodhani.

Ofisa anayepanga ramani ya mji anaweza kutenga kiwanja kidogo cha wachongaji na kukilinda kama anavyolinda kiwanja cha soko. Ofisa wa halmashauri anaweza kufungua ukumbi wa jamii mchana, siku za kazi, badala ya kungoja mkodishaji wa harusi. Mkuu wa idara anayehitaji picha ya kutundika katika chumba cha mikutano anaweza kumwendea mchoraji wa wilaya yake, akaachana na picha ya mandhari ya ng'ambo iliyochapwa kiwandani. Na karani anayeandika hadithi baada ya saa za kazi hastahili kuchekwa na wakubwa wake, kwani idara ya forodha ya Pangani ilikuwa na karani wa namna hiyo na leo inakumbukwa kwa sababu yake.

Kwa walimu jambo hili ni zito zaidi, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alieleza katika hotuba yake ya tuzo hiyo kwamba tangu alipokuwa mwanafunzi alikipenda kipindi cha kuandika hadithi kuliko vipindi vingine. Haja kubwa ya kuandika ilimjia baadaye, akiwa ugenini Uingereza, mwenye upweke na kumbukumbu za nyumbani. Lakini ilipomjia ilimkuta tayari ameonja furaha ya kazi hiyo katika darasa la kawaida la Unguja, mbele ya mwalimu ambaye huenda alidhani anajaza dakika arobaini tu za ratiba. Gurnah mwenyewe alikuja kuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka mingi.

Katika shule nyingi kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kukopwa mtihani unapokaribia, na mara nyingi hakirudishwi. Mwalimu hufanya hivyo kwa nia njema, kwa kuwa hupimwa kwa matokeo ya hisabati na sayansi, wala hapana haja ya kumlaumu kwa kutaka wanafunzi wake wafaulu. Ila ni vema ajue alichokikopa. Kipindi hicho ndicho mahali pekee ambapo mtoto wa mkulima au wa mvuvi hupewa karatasi na kuambiwa aseme lake. Nyumbani hana karatasi hiyo, na mtaani hakuna atakayemuuliza.

Yapo mengi ambayo hayangoji bajeti. Darasa lililo tupu baada ya saa tisa linaweza kuachwa wazi mara mbili kwa wiki. Mfinyanzi wa kijijini anaweza kualikwa akae na wanafunzi, afinyange mbele yao. Ubao wa matangazo wa shule unaweza kutengewa pembe ya mashairi, ambamo mwanafunzi wa darasa la tano amjibu wa darasa la saba kwa beti, kama wazee walivyojibizana katika Mambo Leo. Kinachotakiwa ni mtu mwenye ufunguo kukubali kukaa saa moja zaidi.

Hakuna serikali, chuo wala mwalimu awezaye kumtia mtu haja ya kuumba. Haja hiyo huja na msiba, mapenzi, hasira au furaha, na huja kwa watu wasiotazamiwa. Lililo katika uwezo wa ofisi na la shule ni kuhakikisha kwamba siku itakapokuja, mtu huyo atakuta mlango uko wazi, na ndani yake yuko mwingine anayeifanya kazi hiyo.